Nilitumwa Caffè Lena

Sikwenda kwa hiari yangu, nilitumwa. Aliyenituma ni bibi ninayemhudumia usiku hapa Albany, mwanamke wa miaka 83 ambaye miguu imemgomea lakini ulimi haujawahi kupata hata mafua. Zamu yangu inaanza saa nne usiku, naye usingizi humjia alfajiri, kwa hiyo katikati hapo tunapiga soga. Mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Skidmore kule Saratoga Springs, wakati huo chuo cha wasichana watupu. Kwa miaka miwili niliyokaa kwake, haijapita wiki asinitajie mkahawa wa ghorofani alikokuwa akienda kusikiliza magitaa, halafu akirudi bwenini anakimbia ili asifungiwe mlango.

"Nenda ukanitazamie," akaniambia. Akanipa maswali matatu: kahawa bado kali? Watu bado wananyamaza? Na zile ngazi je?

Nikamwambia Bibi, mie mtu wa Muheza, nimekulia kwenye machungwa na taarabu. Hayo magitaa yanayolia kama mtu kafiwa yananihusu nini? Akanitazama tu, asijibu. Anayemjua mzee wa aina hiyo anajua jibu lilikuwa limeshatoka. Jumamosi yangu ya mapumziko ikawa imepata kazi.

Basi haya ninayoandika ni kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulioko huku juu, Albany, Utica, Syracuse, pamoja na ndugu zetu wa Kongo ambao siku hizi ni wengi kuliko sisi. Mahali penyewe panaitwa Caffè Lena, namba 47 Phila Street, Saratoga Springs, jimbo la New York. Kutoka Albany ni barabara moja iliyonyooka kwenda kaskazini, kama nusu saa kwa gari.

Nianze na mwenye jina lake, maana bila yeye utaona chumba chenye meza tu.

Lena alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Milford, Massachusetts, kwa wazazi wahamiaji kutoka Italia, na jina lake la nyumbani lilikuwa Pasqualina Nargi. Sifa yake haikutokana na kuimba wala kupiga chombo, na hili ndilo lililonishangaza zaidi katika hadithi za Bibi. Aliolewa na Bill Spencer, msanii wa kuchonga sanamu, na mwezi Mei 1960 wakafungua mkahawa kwenye ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa karakana ya useremala. Hawakuwa na nia ya kukaa. Hesabu yao ilikuwa hivi: mji una chuo, wanafunzi wanapenda hizi nyimbo za gitaa zinazoitwa folk, tufanye biashara miaka michache, tukusanye pesa, twende zetu Ulaya Bill akachonge sanamu zake kwa raha.

Ulaya haikuonekana. Miaka miwili haijaisha vizuri, Bill akaondoka na msichana mmoja mwanafunzi. Lena akabaki na vikombe, mashine ya kahawa, madeni, na kijumba cha muziki ambacho hata hakikuwa wazo lake peke yake. Mwanamke mwingine angefunga mlango akarudi kwao. Yeye aliuendesha miaka 29.

Bibi anamkumbuka akiwa juu kabisa, mwisho wa ngazi, na kisanduku cha pesa mbele yake. Unapanda unahema, unainua macho, unamkuta yeye. Anakuuliza hali, anakumbuka jina lako au anajifanya analikumbuka, anapokea hela yako kama vile anaona haya kuipokea. Halafu saa ikifika anasimama yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, anawatambulisha watu kwa mwimbaji ambaye nusu ya waliomo humo hawajapata kumsikia. Naye paka yupo mahali fulani hapo, paka hakukosekana.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu wa Saratoga atakusimulia, kwa hiyo nikitoe njiani mapema. Mwaka 1961 alikuja kijana wa miaka 20, nywele timutimu, hajulikani, jina lake Bob Dylan. Watu wakawa wanaongea mezani huku yeye anaimba, kama vile redio imewashwa jikoni. Bill, ambaye bado alikuwa hajaondoka, akapanda jukwaani akawakemea wateja wake mwenyewe wanyamaze wamsikilize mtoto wa watu. Bibi anaapa alikuwepo usiku huo. Nimegundua kuwa kila mzee wa mji ule mwenye umri wa kutosha alikuwepo usiku huo. Ukiwakusanya wote itabidi uwapeleke uwanja wa Mkwakwani. Lakini kisa chenyewe ni cha kweli, na yule kijana mwaka 2016 akaja kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Mie kilichonigusa si Dylan, Dylan angefika alikofika hata kama angeimbia kituo cha basi. Kilichonigusa ni wale wengine. Mtu kama Utah Phillips, aliyeondoka kwao Utah mwaka 1969 hana mbele wala nyuma, akapokelewa pale na kujifunzia pale kwamba kuimba na kusimulia kunaweza kuwa kazi ya mtu mzima. Au Rosalie Sorrels, mwanamke mwenye watoto watano aliyekuwa akizunguka Marekani na gitaa lake. Hao walifika, wakapewa jukwaa, wakapikiwa, wakapewa na pa kulala kwa Lena. Sisi tunajua maana ya hilo. Mtaani kwetu Muheza kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiwapa vijana wa muziki uwa wake wafanyie mazoezi, anaweka ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kimoja cha bati, na watu wakimcheka kuwa anafuga wahuni. Hakuimba hata ubeti. Vikundi vikivunjika, kesi zilikuwa zinaamuliwa kwake.

Pesa sasa. Lena hakuuza pombe. Kahawa, chai, vitamu vya kula, basi. Anayeifahamu biashara ya ukumbi anajua mwimbaji kazi yake ni kuleta watu, na bia ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Ukiondoa bia, unabaki na tiketi, na tiketi ni ya msanii. Kwa hiyo kwa miaka yote ile alikuwa ni wa kuhangaika. Ilifika mahali wanamuziki aliowalea wakawa wanarudi kufanya maonyesho ya kumchangia yeye. Mwaka 1989 alianguka kwenye ngazi za mkahawa wake, hakupona, akafariki mwezi wa Oktoba akiwa na miaka 66. Bibi akifika hapo huwa ananiomba maji ya kunywa, hata kama glasi imejaa.

Marafiki zake hawakukubali pafungwe. Waliunda shirika lisilo la faida na mpaka leo mahali panaendeshwa hivyo, wengi wanaokuhudumia ni watu wa kujitolea. Mwaka 2016 walifanya ukarabati mkubwa, sasa ukumbi unachukua watu 110. Pana sifa ya kuwa moja ya kumbi kongwe kabisa za nyimbo hizi Marekani ambazo hazijawahi kuacha kazi.

Haya, safari yenyewe.

Nilifika saa tisa mchana, mapema mno, kwa sababu Bibi aliniagiza pia nionje maji. Saratoga Springs ni mji wa chemchemi. Maji yanatoka ardhini yakiwa na gesi yake na madini yake, na zamani matajiri walikuwa wakija kuyanywa na kuyaoga kama dawa. Katikati ya mji kuna bustani ya Congress Park ambako unajikingia bure. Nilikinga kwa kiganja. Ndugu zangu, ni soda iliyotiwa chumvi na kulazwa na msumari wa kutu. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama hapo na madumu yake manne alinicheka, akaniambia glasi ya tatu ndiyo utaipenda. Sikuifikia hiyo ya tatu.

Miti ilikuwa imegeuka rangi, ilikuwa Oktoba. Kama unapanga kwenda, nakushauri Oktoba au majira ya kuchipua. Kiangazi, Julai mpaka mwanzo wa Septemba, ni msimu wa mbio za farasi, mashindano yaliyoanza mjini hapo mwaka 1863, na bei ya kila kitu inapanda juu pamoja na kofia za akina mama.

Kabla ya muziki nilikula. Hapa lazima niwachepushe kidogo, kwa sababu pembeni kabisa ya Lena, namba 45, kuna Hattie's, na hiyo nayo ni hadithi ya mwanamke. Hattie Moseley Austin, Mmarekani mweusi kutoka Louisiana, alifungua mgahawa wake mwaka 1938 kwa akiba ya dola 33. Akawa anawakaangia kuku watu wa farasi, wale wanaoamka usiku wa manane kupiga farasi brashi, na msimu wa mbio ukifika alikuwa halali. Aliuuza mgahawa mwaka 1993 akiwa bibi kizee, akafariki 1998, na kuku bado anakaangwa.

Kuku huyo nimuelezeje. Ganda lake linavunjika kama kaukau, halafu ndani nyama inatoka na maji yake, haijakauka hata kwenye kidari. Nililetewa na maharage mekundu na wali, na mkate wa unga wa mahindi ambao ni mtamu kiasi cha kukufanya ujiulize kwa nini sisi na mahindi yetu yote tumeishia kwenye ugali. Kitambaa cha meza kilikuwa cha mirabaraba myekundu na myeupe, kama vile vya hoteli za Chumbageni nilipokuwa mdogo. Nilitaka nile kwa mkono. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, meza ya jirani mzungu mmoja ana paja mkononi na mafuta mpaka kwenye ndevu. Nikanawa, nikaendelea.

Nimewaza sana kuhusu milango hiyo miwili iliyokaribiana hivyo. Kuku analipa. Mtu akishiba anatoa pesa bila kuuliza. Nyimbo za huzuni za mtu usiyemjua, hapana, hizo zinahitaji mtu wa kukaa juu ya ngazi na kukuaminisha.

Saa moja na nusu nikaingia. Tiketi nilikuwa nimeshanunua kwa intaneti siku tatu kabla, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu watu 110 si wengi. Bei inategemea anayeimba. Mlangoni mama mmoja wa kujitolea aliona ninavyochechemea (goti langu la kulia ni zawadi ya miaka kumi ya kunyanyua wagonjwa) akanionyesha lifti. Lifti! Nikasimama humo ndani peke yangu, mlango ukajifunga kimya, nikasema moyoni, laiti ingekuwepo mwaka 1989.

Chumba ni kidogo na kina joto. Meza ndogo za watu wawili wawili au wanne, picha za zamani za watu wenye magitaa, jukwaa liko karibu mno; mie nilikaa mstari wa pili na ningenyoosha mkono ningeshika kamba ya kiatu cha mwimbaji. Sikukaa na watu ninaowajua, nilikaa palipopatikana. Nilikaa na mume na mke wastaafu waliotoka Vermont, wakaniuliza nimetokea wapi, nikasema Albany, wakasema hapana, kabla ya hapo. Nikasema Muheza. Wakasema aah. Hawakuwa na cha kuongeza na mie sikuwasaidia.

Siku hizi wanauza bia na divai, jambo ambalo Bibi nilipomwambia alikunja uso. Mie niliagiza kahawa. Inakuja kwenye kikombe cha kweli, si cha karatasi, na kwa mwanamke aliyezoea zamu ya usiku ilikuwa kali kisawasawa.

Saa mbili kamili taa zikapungua, na hapo ndipo nilipoelewa nilichotumwa kuja kukiona. Watu walinyamaza. Sisemi kupunguza sauti, nasema walinyamaza: vijiko viliwekwa chini, makoti hayakuchakarika, jamaa wa Vermont alikuwa anatafuna biskuti akaacha katikati. Mie nimehudhuria misa nyingi za Wabondei zenye kelele kuliko ule ukimya.

Jukwaani walikuwa wawili, mama wa makamo na gitaa, na kijana wa kiume na fidla. Yule mama aliimba wimbo kuhusu baba yake aliyefanya kazi kiwandani na kurudi nyumbani mikono ikinuka mpira. Hakupaza sauti. Hakuna maiki iliyovuma, hakuna ngoma. Aliimba kama mtu anayekusimulia jikoni huku anamenya viazi, na kila kibwagizo kiliporudi kilikuja na maana nyingine kidogo, kwa sababu ubeti uliotangulia ulikuwa umekiongezea kitu. Nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kiti. Huo ndio ufundi wa taarabu ya zamani, ile ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star, ambapo unamsubiri Shakila amalize ubeti ndipo ujue kibwagizo kinamsema nani.

Na mie nikafanya nilichofundishwa na mama yangu. Ubeti wa tatu, ule wa mazishi, uliponichoma, nikafungua pochi, nikatoa noti ya dola kumi, nikasimama kwenda kumtunza.

Nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kabla sijakumbuka niko wapi. Kimya chote kile, watu 110, mwanamke mmoja mweusi na kitenge chake amesimama katikati na noti imenyooshwa mbele. Kurudi ni aibu, kwenda ni aibu. Nikaenda. Kwa mdundo, taratibu, mabega yakienda na wimbo, kama inavyotakiwa. Tatizo nilipofika nikaona kosa la kiufundi: mwimbaji wa taarabu mkono mmoja uko wazi, unampa noti mkononi au unambandika pajini mwa uso. Mpiga gitaa mikono yote miwili ina kazi. Tukatazamana. Hakuacha kuimba. Kulikuwa na stuli pembeni yake yenye glasi ya maji. Nikaiweka noti pale, nikaibana na glasi isipeperuke, nikainama kidogo kwa heshima, nikarudi kwa mdundo uleule.

Wimbo ulipokwisha palikuwa na kitambo cha ukimya, kisha makofi, na mengine niliyaona yanapigwa kuelekea kwangu. Yule mama akaitazama noti, akauliza kupitia maiki, "Kwenu ndivyo mnavyofanya?" Nikasema ndiyo, wimbo ukikuhusu. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi ulikuwa unamhusu baba yangu, na sasa unamhusu na mtu mwingine." Akaendelea na unaofuata. Sijui kama alikuwa ananitania, lakini yule mke wa Vermont alinishika mkono akaubana.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Kipande cha pili cha onyesho, wimbo wa polepole kabisa, fidla peke yake inalia kama mlango wa shamba, simu yangu ikaita. Nilikuwa nimesahau kuizima. Na mlio wa simu yangu ni taarabu, sauti ya marehemu Shakila kwa nguvu zote. Ilikuwa mama yangu mdogo, kwetu ni saa kumi alfajiri, saa yake ya kukanda maandazi ya biashara, saa ambayo huwa ananipigia kunieleza bei ya unga. Sikuipata simu ndani ya pochi. Ilikuwa chini ya kanga, chini ya dawa za goti, chini ya chungwa. Hakuna aliyenifokea. Wote walitazama mbele kwa adabu iliyoniumiza zaidi kuliko kufokewa, na yule kijana wa fidla, mungu ambariki, akaudaka mlio ule kwa upinde wake, noti mbili tatu, kabla sijaizima. Watu wakacheka. Mie nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Kwa hiyo nikiambiwa nitoe nyota, natoa tano, na kama kuna ya kukatwa ikatwe kwangu. Zimeni simu.

Nilirudi tena Jumatatu mbili baadaye, kwa sababu Jumatatu usiku jukwaa huwa wazi kwa yeyote. Unajiandikisha, unapewa muda mfupi, unaimba. Hiyo ni ya bei ndogo na inapendeza kwa namna nyingine: alipanda mwalimu wa hesabu, akapanda mtoto wa shule anayetetemeka, akapanda mzee aliyesahau maneno yake mwenyewe. Wote walipewa ukimya uleule aliopewa yule mama wa Jumamosi. Mtoto alikosea, akasema samahani, akaanza upya, na hakuna aliyekohoa. Niliwaza, huyu mtoto hata asipoimba tena maisha yake yote, amekwisha kusikilizwa mara moja. Vijana wetu wa kwaya na wale wa bongofleva mnaorekodi kwenye vyumba vya kulala, nendeni Jumatatu. Mnaruhusiwa. Gitaa moja tu linatosha, na Kiswahili hakijakatazwa popote nilipoona.

Kama unataka kucheza, usiende. Kama unakwenda na shoga ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kukunong'oneza habari za watu, usiende naye. Kwa wenye watoto wadogo, ngojeni wakue kidogo.

La mwisho la manufaa: panga usafiri wa kurudi kabla hujaingia. Mie nilitegemea teksi ya kuita kwa simu. Dereva wa kwanza alikubali akaghairi, wa pili akakubali akaghairi, wa tatu akaja baada ya dakika hamsini na bei mara mbili ya ile ya kwendea, na njia nzima alikuwa anagombana na mtu kwenye spika ya gari. Nilisimama Phila Street kwenye baridi na kanga kichwani. Kutoka Hattie's harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa bado inakuja, ndiyo iliyonisitiri.

Jumapili usiku, kesho yake baada ya lile onyesho la kwanza, nikaingia zamu. Bibi alikuwa macho, amekaa, ameshachana nywele, kama anayesubiri mgeni. Nikajibu kwa utaratibu. Kahawa ni kali. Akatikisa kichwa. Watu wananyamaza, Bibi, wananyamaza mpaka unasikia moyo wako. Akafumba macho akasema, "Vizuri."

"Na ngazi?"

Nikamwambia nilipanda lifti.

Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema Lena angeichukia hiyo lifti, maana alipenda kumwona mtu anavyofika juu, anahema, mashavu mekundu, ameshalipa nusu ya kiingilio kwa miguu yake. Akafikiri tena. "Au," akasema, "angeweka kiti chake humo humo ndani, na kisanduku, na paka, awe anapanda na kushuka na kila mtu."

Nikamsimulia habari ya dola kumi. Alicheka mpaka nikaogopa kifua. Akataka kujua noti niliiweka wapi hasa, nami nikasogeza stuli ya dawa karibu na kitanda, nikachukua glasi yake ya maji, nikamwonyesha: hapa, imebanwa hivi. Akaiangalia glasi. Akaniambia nirudi mpaka mlangoni, nije tena, na safari hii nije na ule mdundo.